Mbwa anambwekea kalunguyeye kila usiku: tafuta chanzo kabla ya kushika fimbo

Saa nane usiku, Njiro, Arusha. Mbwa anabweka nyuma ya nyumba, ile sauti ya juu isiyokatika. Mlinzi anazunguka na tochi na rungu, wewe unachungulia dirishani ukiwaza mwizi. Baada ya dakika tano anagonga: "Mama, ni yule mnyama wa miiba karudi." Chini ya michongoma kuna kitu kama embe dodo lililoota sindano. Mbwa wangu, jina lake Simba, anakizunguka, anakigusa kwa kucha, anaruka nyuma, anarudi tena. Pua yake inavuja damu. Kesho yake usiku ni hivyo hivyo.

Nimeishi na vurugu hii misimu kadhaa ya mvua, na karibu kila nilichofanya mwanzoni kilikuwa kosa. Nilimfokea mbwa, nikamhamisha yule mnyama, nikanunua njuga. Kilichonifungua macho ni saa ya ukutani. Huku kwetu mbwa anafungiwa bandani mchana kutwa, giza likiingia anafunguliwa alinde. Kalunguyeye naye analala mchana kutwa, giza likiingia anatoka atafute chakula. Tunawafungulia mlango wote wawili kwa wakati mmoja, kwenye kiwanja kimoja, kisha tunamlaumu mbwa.

Kwa hiyo kabla ya kumwadhibu, tazama anashambulia wapi, lini na kwa namna gani. Mbwa wawili wenye kosa moja wanaweza kuwa na vyanzo viwili tofauti kabisa, na dawa ya mmoja haitamfaa mwenzake.

Kwanza: ni kalunguyeye au ni nungunungu?

Wengi wetu tukiona miiba tunasema nungunungu, na hapo ushauri unapotea njia. Nungunungu ni mnyama mkubwa anayeweza kupita kilo 15, anachimba mihogo na kuangusha mahindi, na miiba yake mirefu yenye mabaka meusi na meupe hung'oka na kubaki imekita kwenye nyama ya mbwa. Kalunguyeye hafiki hata kilo moja. Wa huku kwetu, ambaye wanasayansi humwita Atelerix albiventris, ana uzito wa gramu 250 hadi 600 hivi na urefu wa sentimita 15 hadi 23. Miiba yake ni mifupi, uso na tumbo ni vyeupe, na miguu yake ya nyuma kwa kawaida ina vidole vinne tu. Shambani hana hasara: anakula wadudu, mchwa, jongoo, konokono na minyoo, na akibahatika, mjusi au kitoto cha panya.

Mbwa akirudi na miiba imemsimama usoni, huyo amekutana na nungunungu. Usijaribu kuing'oa mwenyewe kwa koleo gizani. Mpeleke kwa daktari wa mifugo. Miiba ya kalunguyeye haing'oki kirahisi hivyo. Inachoma tu, inatoboa pua na fizi, ndiyo maana unakuta damu bila kuona mwiba.

Ukiwakuta wamekabiliana

Usipige kelele. Kwa sikio la mbwa aliyepandwa na moto, kelele zako ni za mwenzake aliyekuja kumsaidia kubweka. Usimpige fimbo akiwa pale pale pia. Maumivu anayapata tayari kwenye pua na hayajamzuia, tena kuna mbwa ambao kuchomwa ndiko kunakowatia hasira zaidi. Njoo taratibu na kamba mkononi na kipande cha ini lililochemshwa. Mpitishie ini karibu na pua, mfunge kamba anapogeuka, ondoka naye bila maneno mengi, mfungie bandani. Akiwa amemshika mdomoni, usimvute shingo: ukivuta anakaza meno. Mbadilishie na nyama.

Kalunguyeye mwenyewe mwache. Zima tochi, mwondoe kila mtu. Atajikunjua akisikia pametulia, wakati mwingine baada ya dakika chache, wakati mwingine karibu saa nzima. Tabia ya kummwagia maji ili afunguke, au kumgeuzageuza kwa kijiti ili watoto waone uso, ni kumwongezea mateso tu. Ikibidi umsogeze, mfunike na gunia lililokunjwa au mzoe kwa sepetu, umweke chini ya ua ule ule, upande ambao mbwa hafiki.

Usimpakie kwenye ndoo ukamtupe mbali. Mimi nilimpeleka wangu korongoni nikidhani nimemwokoa. Haikupita wiki mbili, mwingine akawa pale pale, kwa sababu kilichowaleta, yaani wadudu, majani makavu na tundu la kupitia, sikukigusa. Na kama yule wa kwanza alikuwa jike lenye watoto, wale watoto niliwaua mimi, si Simba.

Dalili: anabwekea mahali pamoja, usiku kwa usiku

Huyu amegundua njia. Kalunguyeye hapendi kukatiza uwanja. Anafuata ukingo wa ukuta au wa ua, anapenya tundu lile lile, na ukitega sikio utamsikia akipumua kwa kukoroma, fo fo fo, huku akipekua majani. Mbwa hahitaji kumwona. Harufu na ule mkoromo vinatosha.

Ili kuthibitisha, mwaga majivu jioni kwenye kila tundu chini ya ua, sehemu yenye upana wa sinia. Asubuhi utaona nyayo ndogo, na huenda ukakuta kinyesi cheusi kidogo kinachong'aa kwa vipande vya maganda ya wadudu. Ukishajua njia, kishawishi cha kwanza ni kuziba tundu. Usizibe. Ukiziba usiku akiwa ndani, umemfungia na mbwa wako. Na ukiziba akiwa nje, atatafuta kupenya kwingine, pengine chini ya geti, mbele ya pua ya Simba.

Kinachofanya kazi ni kugawa kiwanja. Hapa nitakaa kidogo, maana hili peke yake lilipunguza theluthi mbili za ugomvi kwangu, kwa hesabu ya mlinzi wangu ambaye ndiye aliyekuwa anakatishwa usingizi.

Jiulize mwizi anaingilia wapi. Nyumba nyingi za Arusha na Moshi zina uwanja wa mbele wenye geti na gari, halafu nyuma kuna bustani, migomba, mboga, kamba za nguo na shimo la taka. Mbwa anahitajika kwenye geti, milango na madirisha. Sukumawiki hazihitaji kulindwa saa nane usiku. Basi kata kwa wavu kutoka kona ya nyuma ya nyumba hadi kwenye ua, pande zote mbili, bustani ibaki upande wake na mbwa abaki na mbele pamoja na pande za nyumba. Kama kiwanja hakiruhusu, tenga ukanda wa sentimita 60 hadi mita moja kandokando ya michongoma, urefu wote anaopita kalunguyeye.

Kwa mbwa mkubwa, wavu mgumu wa chuma uitwao BRC, wenye matundu ya sentimita 15, unatosha: kalunguyeye anapita, mbwa anabaki akichungulia. Kwa mbwa mdogo tumia wavu wa kuku, lakini sehemu ya chini usiiache ikiburuza nyasi, kwa sababu kalunguyeye anaweza kunasa kichwa au miiba humo. Weka msingi wa ubao au tofali, na kila baada ya mita chache uache mlango wa sentimita 12 kwa 12. Mbwa akianza kuchimba hapo, tandaza mawe upande wake. Ninajua swali linalofuata: nguchiro je? Ni kweli, panapopita kalunguyeye nguchiro naye anaweza kupita, kwa hiyo milango hiyo iwe mbali na banda la kuku, na banda lenyewe lifungwe vizuri usiku. Ulipaswa kulifunga hata hivyo.

Ukiona fundi anakutajia bei ya kukutisha, fikiria upande wa pili. Mbwa anayebwekea kalunguyeye mara tano kwa usiku ni kengele mbovu. Siku mwizi atakapokuja kweli, mlinzi atasema moyoni "ni yule yule wa miiba," ajifunike blanketi.

Dalili: miezi mingine kimya, mvua zikianza ni vita

Tazama kalenda. Masika ya Machi hadi Mei, na vuli ya Novemba na Desemba, ndipo minyoo, konokono na jongoo wanapojaa bustanini, na kumbikumbi wanapotoka ardhini. Kalunguyeye anafuata chakula. Wakati wa kiangazi kikali, wadudu wakipungua, anaweza kujificha na kupunguza shughuli, akalala usingizi mzito kwa siku au hata wiki. Kwa hiyo usimsifu mbwa wa Februari kwamba ameacha tabia. Hajakutana na mtihani.

Katika mvua, mshukiwa wangu wa kwanza ni taa. Ile taa kali nyeupe ya ulinzi, iliyofungwa ukutani karibu na banda la mbwa, inakusanya kumbikumbi kwa maelfu; wanaanguka chini, mabawa yanatapakaa, na kalunguyeye anakuja kula pale pale mezani kwa mbwa. Niliwahi kumwona mmoja akila chini ya taa bila hata kuinua kichwa, Simba akiwa mita nne nyuma ya mlango wa banda, akitetemeka kwa hamu. Hamisha taa iangaze geti, au ifunge ya sensa inayowaka mtu akipita tu. Rangi ya njano huvuta wadudu wachache kuliko nyeupe. Usiku ambao kumbikumbi wanaruka kwa wingi, zoa walioanguka kabla ya kumfungua mbwa. Kama una kuku, kifungua kinywa chao umeshakipata.

Dalili: ugomvi unatokea kwenye sahani

Hii ni nyepesi. Ugali wa dona na dagaa uliobaki kwenye sahani usiku unamwita kalunguyeye, panya na mende, na mende wanamwita kalunguyeye tena. Mbwa hapa halindi nyumba, analinda sahani yake, na hata mbwa mpole hubadilika kwenye chakula. Mlishe mapema jioni, mpe dakika ishirini, ondoa sahani na ufagie. Maji yabaki.

Dalili: anachimba chini ya ua hata mchana

Akichimba pale pale asubuhi na jioni, pua ardhini na mkia umesimama, pengine amekuta kiota. Kalunguyeye hulala mchana kwenye majani makavu, chini ya magogo, kwenye mashimo ya wanyama wengine au ndani ya kichuguu kilichokufa. Jike hubeba mimba siku 35 hivi, huzaa mara nyingi watoto wanne au watano, wakati mwingine zaidi, na huzaliwa vipofu. Hawaachi kunyonya mpaka wiki ya tano au ya sita. Katika kipindi hicho mama hawezi kuhama kirahisi, na akisumbuliwa sana anaweza kuwatelekeza au kuwala.

Usifunue kuthibitisha. Weka kizuizi kizito umbali wa mita moja kuzunguka eneo lote: mabati ya zamani, pallet, tofali, chochote, ukiacha upenyo mdogo kwa mama upande wa ua. Kiache wiki sita, hata kama kinaharibu sura ya bustani na majirani wanauliza unajenga nini.

Kwa wenye vihamba, yaani mashamba ya migomba na kahawa kuzunguka nyumba, upande wa Moshi, Kibosho, Uru, Machame, hatari huwa kubwa zaidi ya mbwa. Majani ya migomba tunayoyalundika na matandazo chini ya kahawa ni kitanda kizuri sana cha kalunguyeye. Usichome lundo lililokaa siku nyingi kabla ya kulihamisha kwa mkono na reki, tabaka kwa tabaka, na mbwa awe amefungwa. Nimeona mbwa wakizunguka lundo linalofuka moshi wakisubiri kitakachokimbia, na watu wakiwasifia kwa ujasiri. Fyekeo la mashine nalo, pita kwanza kwa miguu ukipapasa nyasi ndefu za pembezoni.

Dalili: nikiwepo ananisikiliza, nikigeuka anashambulia

Hii ndiyo ngumu, na mara nyingi tumeitengeneza wenyewe. Mbwa aliyefokewa na kupigwa kila unapomkuta na kalunguyeye hajifunzi kwamba kalunguyeye haguswi. Anajifunza kwamba kalunguyeye haguswi mama akiwepo. Anakuwa mwangalifu juu yako, na kule gizani anamaliza kazi haraka, kimya, bila hata kubweka. Mbwa aliyekuwa anabweka sasa anaua bila sauti: hatua ya kwenda nyuma.

Watu wengi hudhani ni njaa. Si njaa. Kunusa, kunyemelea, kukimbiza na kuuma ni mnyororo uliomo ndani ya mbwa tangu enzi za mbwamwitu, na aliyeshiba anaufuata sawa na mwenye njaa. Kinachouchochea ni nguvu zilizolala. Fikiria mbwa mchanga, shepadi wa nusu damu, aliyekaa bandani tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi saa moja jioni. Ukimfungua, chochote kinachotikisika ni mchezo. Kabla ya kumfungua usiku, mtembeze kwa kamba nusu saa hadi dakika 40, barabara za mtaani zinatosha, aruhusiwe kunusa anavyotaka. Kunusa nako kunamchosha.

Kisha mfundishe neno moja. Moja, nyumba nzima. Kwangu wewe ungeona kichekesho: mimi nasema "acha", mtoto anasema "hapana", mlinzi anasema "toka!", na mbwa anatutazama wote kwa heshima bila kuelewa. Tulikubaliana "acha", tukabandika karatasi jikoni.

Anza mchana, ndani. Ficha kipande cha nyama kwenye ngumi, msogezee. Atalamba, atakwaruza. Akiondoa pua tu, hata kwa bahati, sema "acha" na umpe kipande kingine kutoka mkono wa pili, kisichokuwa kile cha kwenye ngumi. Siku ya tatu au ya nne ataanza kugeuka akisikia neno. Hamia nyama iliyowekwa sakafuni chini ya mguu wako, kisha uwanjani na kamba. Dakika tano, mara mbili kwa siku. Zaidi ya hapo anachoka na wewe unakasirika.

Hatua ya mwisho ni usiku, kamba fupi mkononi, umbali wa mita kama sita kutoka mahali anapopita kalunguyeye. Masikio yatasimama. Kabla hajaanza kuvuta, sema "acha". Akigeuza kichwa mpe ini, si dagaa, leo anastahili ini. Akishavuta, umesogea karibu mno. Rudi nyuma mita mbili, anza tena. Kila siku chache punguza umbali kidogo. Hesabu wiki, sio siku, na siku moja ya kumwachia peke yake gizani inaweza kufuta kazi ya wiki nzima. Ndiyo sababu wavu unatangulia mafunzo.

Kuna mbwa ambao hutawabadilisha. Aliyelelewa shambani akiwinda sungura na vijana, au aliyekwisha kuua kalunguyeye watatu wanne, neno lako atalisikia ukiwa na kamba tu. Huyo ni wa wavu maisha yake yote.

Njuga shingoni? Nilinunua kwa matumaini makubwa. Ndege na paka wanaweza kukimbia wakisikia njuga. Kalunguyeye hakimbii, anajikunja, hapo hapo alipo. Njuga ilinisaidia mimi kujua Simba yuko wapi, basi. Kifunga mdomo cha aina ya kikapu, kinachomruhusu kupumua kwa ulimi nje na kunywa maji, kinafaa kwa matembezi ukiwa naye, ila usimwache nacho usiku kucha peke yake, na mbwa wa ulinzi akiwa nacho hana kazi. Pilipili puani, mikanda ya shoti ya umeme, kumfunga mzoga shingoni ili "akome": acha. Nimeona matokeo ya hilo la mwisho. Mbwa hakukoma, na alinuka wiki mbili.

Dalili: asubuhi unakuta mzoga

Usimhukumu mbwa kabla ya kuutazama, kwa glavu au mfuko wa plastiki mkononi.

Kazi ya mbwa huwa na miiba iliyolowa mate na kukauka ikishikana, mbavu zilizopondeka, majeraha tumboni au usoni, na mara nyingi mzoga haujaliwa. Ukikuta ngozi tupu ya miiba, nyama yote imesafishwa kwa ndani kama chungwa lililokamuliwa, fikiria bundi mkubwa; yeye huwala kalunguyeye na kuacha ganda. Aliyelala tu bila jeraha, jirani na kitalu ulichonyunyizia dawa au ulipotega sumu ya panya au ya konokono, amekula kilichokula sumu, na mbwa wako akimla naye yuko hatarini. Punguza sumu hizo bustanini. Kwa viuatilifu fuata vilivyosajiliwa na TPHPA, yaani Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, ambao makao yao makuu yako Ngaramtoni, Arusha, na fuata kipimo cha kwenye lebo.

Zika mzoga kina cha mkono mzima, weka mawe juu. Nawa. Kalunguyeye anaweza kubeba vimelea vya salmonela na vya choa, viroboto na kupe, na mbwa aliyemtafuna anaweza kukuletea choa nyumbani. Ukiona duara lisilo na manyoya usoni mwake au kipele cha mviringo mkononi mwa mtoto, mtajie daktari habari ya kalunguyeye.

Dalili: mbwa anatoka povu

Hapa usibahatishe. Mate mengi yenye damu kidogo, mbwa anafuta mdomo kwa mguu wake, lakini macho yako sawa na anakuja ukimwita: mara nyingi ni fizi zilizochomwa. Mpe maji, mwangalie kwa mwanga, na kama uvimbe hautulii siku ya pili au jicho limefumba, daktari. Povu la ghafla, anatikisa kichwa, na uwanjani kuna vyura: huenda amemuuma chura, sumu yake inachoma mdomo. Futa fizi kwa kitambaa chenye maji, kichwa kikiwa kimeinama asimeze, na mpeleke haraka akianza kuyumba. Kutetemeka, kutapika na kuanguka ni sumu mpaka daktari aseme vingine.

Lakini akiwa amebadilika tabia kwa siku kadhaa, taya limelegea, hamezi, anauma vitu hovyo au amejificha gizani, usimtie mkono mdomoni kutafuta mwiba. Kichaa cha mbwa kinaweza kumpata mnyama yeyote anayenyonyesha, na dalili zikishaonekana hakuna tiba. Mfungie, mpigie afisa mifugo wa kata. Aliyeng'atwa au kulambwa kwenye kidonda aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Na cheti cha chanjo ya Simba kitafute leo, kabla hujakihitaji: chanjo huanza akiwa na miezi mitatu, na hurudiwa kila mwaka.

Kalunguyeye akiwa amejeruhiwa

Boksi lenye matundu, kitambaa chakavu chini, chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye kanga upande mmoja ili akitaka asogee. Maji kwenye kifuniko cha chupa. Usimpe maziwa, yatamharisha. Nzi hutaga kwenye majeraha ndani ya saa chache, kwa hiyo boksi likae ndani, gizani, mbali na kelele, mpaka kupambazuke umpeleke kwa daktari wa mifugo. Ukiona anatembea mchana kweupe huku akiyumba, hata bila damu, naye ni mgonjwa.

Watoto watataka abaki. Kumfuga mnyamapori bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009; akihitaji uangalizi wa siku nyingi, uliza ofisi ya wanyamapori ya wilaya. Akiwa mzima, mrudishe jioni, giza likianza kushika, chini ya ua ule ule ulipomkuta. Usiku huo Simba alale bandani, na mlinzi aambiwe mapema kwamba leo geti ni lake peke yake.